A Safi

Ripoti ya shule ilibandikwa ukutani pale saluni, kati ya kioo na kalenda, kwa vipande vinne vya selotepu. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti aliisoma, atake asitake, maana msusi akishakushika kichwa huna pa kugeukia.

"Umeona hapo chini kabisa?" msusi aliuliza, kitana mdomoni. "Hisabati C, haya. Sayansi C, haya. Lugha B. Sasa shuka chini. Michezo!"

"AS," mteja akasoma.

"AS! Wenzake wanapata A kavu kavu. Wa kwangu kapata A Safi. Na ule mguu wake!"

Mteja lazima ashangae. Asiposhangaa anavutwa nywele kidogo, bahati mbaya ya makusudi, mpaka ashangae. Wiki tatu nzima mambo yalikuwa hayo. Binti wa msusi, yule anayeitwa Bosi nyumbani kwa jinsi anavyopenda kuamrisha watu, alikuwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia tangu kuzaliwa, na kisigino chake hakikuwahi kugusa chini sawasawa. Mama yake alishalia sana kwa ajili ya mguu ule. Sasa mguu huohuo umeleta A Safi! Acha abandike ripoti ukutani bwana, hata angeibandika mlangoni, nani amzuie?

Siku hiyo kwenye kiti alikaa muuza mayai, mama wa kijana anayesoma darasa moja na Bosi, darasa la tano. Nusu ya kichwa ilishasukwa, nusu bado imesimama kama imeona mwizi. Akainua macho ukutani. Akasoma. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Unalia shoga? Nimekuumiza?"

"Silii." Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mama Bosi, nani amekwambia AS ni A Safi?"

"Sasa ni nini?"

"Ni Amesamehewa! Mwanao hachezi, mama. Wakitoka uwanjani wenzake wanakimbia, yeye anakaa chini na masweta yao. Anayalinda. Wanamwita Stoo. Wewe hujui? Shule nzima inajua!"

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakatazama chini, wakajifanya wanasoma simu zao. Simu ya mmoja haikuwa hata na chaji.

Msusi alienda ukutani, akabandua selotepu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikang'ang'ania na kipande cha rangi ya ukuta. Akaikunja ripoti, akaiweka kifuani, ndani ya blauzi.

"Kichwa changu je?" muuza mayai akauliza, sasa hacheki tena.

"Kichwa chako kimesamehewa," msusi akasema. Akatoka.

*

Bosi alirudi nyumbani, akatupa begi kitandani, akauliza kuna nini cha kula, kama kawaida yake. Akamkuta mama yake ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ripoti imefunguliwa mapajani.

"Hii AS ni nini?"

"Amesamehewa," Bosi akajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. "Zamani mwalimu alikuwa anaacha wazi tu, muhula huu ndiyo ameanza kuandika. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Mama akainyoosha ripoti kwa kiganja.

"Umesamehewa kwa kosa gani?"

"Sijakosa kitu, mama. Nimesamehewa tu. Wenzangu wakicheza mimi nashika masweta. Na saa. Na miwani ya yule kijana wa muuza mayai. Najua sweta la kila mtu hata nikifumba macho, kwa harufu. La monita linanuka mafuta ya taa."

Alisema kwa majivuno kidogo, na majivuno hayo ndiyo yaliyomchoma mama kuliko kicheko chote cha saluni. Mtoto wa miaka kumi na moja, fahari yake ni kujua masweta ya watu!

"Hujawahi kuniambia."

"Ulikuwa umefurahi sana," Bosi akasema. "Ungeacha kufurahi."

Baba akaingia wakati huohuo, mfuko wa zana begani, vidole vyeusi kwa gundi. Ni fundi viatu, kibanda chake kiko nyuma ya gereji za magari. Aliona ripoti imekunjuliwa, akaona uso wa mkewe, akageuka taratibu kama aliyesahau kitu nje.

"Baba Bosi, rudi hapa."

Akarudi.

"Ulijua?"

Fundi akaweka mfuko chini. Akaufungua, akaufunga.

"Si unaongea? Wiki tatu nawatangazia watu A Safi, wewe unakula, unalala, unanitazama tu!"

"Nilitaka kukwambia," fundi akasema. "Kila nikitaka kuanza, unakuwa umeshafika kwenye 'na ule mguu wake.' Ningeanzia wapi?"

"Nani alimwambia mwalimu amsamehe?"

Fundi akakwangua gundi kwenye vidole mpaka Bosi mwenyewe akamhurumia baba yake.

"Mimi," fundi akasema. "Alipokuwa darasa la pili. Nilipeleka kiatu cha mwalimu mmoja, nimekishona, nikapita karibu na uwanja. Wanakimbia. Huyu yuko nyuma, na watoto kama kumi wako nyuma yake wanamwigiza. Wanachechemea wote, mstari mzima, kama gwaride. Na yeye hajui. Anadhani wanakimbia naye. Anacheka!" Akausogeza mfuko kwa mguu. "Nikaenda ofisini nikaandika barua. Naomba mwanangu asamehewe michezo. Ndilo neno wanalotumia."

"Nilijua," Bosi akasema.

Wazazi wote wawili wakamgeukia.

"Nilijua wananiigiza. Nilikuwa nacheka kwa sababu walikuwa wanakosea. Walikuwa wanachechemea mguu wa kulia." Akachukua kipande cha mkate mezani, akauma. "Mtihani wa michezo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi nataka kupata alama. Hata E. E ni ya mtu. AS si ya mtu."

*

Asubuhi yake msusi alivaa gauni la kwendea kwenye mambo mazito, akaenda shuleni. Aliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi. Akakaa. Kengele ya kwanza, akakaa. Kengele ya mapumziko, bado amekaa. Mhudumu alipiga deki mpaka kwenye miguu yake, akamwambia ainue, akainua, mhudumu akapitisha tambara chini yake kama anafuta chini ya kabati.

Mwisho akaitwa. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza, na pembeni amesimama mwalimu wa michezo, kijana mwenye shingo ndefu ambaye watoto wanamwita Filimbi, kwa kuwa hata akiongea anaongea kwa mlio mfupi mfupi.

"Mama, tatizo ni nini?"

"Nataka mwanangu aondolewe msamaha."

Mwalimu mkuu akavuta droo. Akapekua. Akavuta droo nyingine.

"Fomu ya kuomba msamaha ninayo. Fomu ya kuuondoa..." akakuna kichwa, "haipo. Hakuna mzazi aliyewahi kuomba hivyo."

"Basi mimi wa kwanza. Niandikieni."

"Mama," Filimbi akaingilia. "Sikiliza. Ni mizunguko minne ya uwanja. Dakika sita. Akizidisha, E. Halafu kuruka, halafu kurusha mpira. Akianguka je?"

"Atainuka."

"Akiumia? Mwaka juzi mtoto alizimia hapa, mzima kabisa, hakunywa chai tu asubuhi. Barua ya onyo nilipewa mimi. Mimi, si chai!" Akashusha sauti. "Tufanye hivi. Mimi sina roho mbaya. Nitampa C. Akae na masweta kama kawaida, kwenye ripoti iandikwe C. Nani atajua?"

Hapo msusi alisimama. Kwa kweli alitamani ile C. Aliiona, imebandikwa ukutani, muuza mayai amefunga mdomo. Kitu kidogo tu, herufi moja, na aibu yote inafutika.

"Yeye atajua," akasema. "Na mimi nimeshatangaza alama ya uongo wiki tatu, mwalimu. Imetosha. Mpe muda uleule unaowapa wenzake. Akishindwa, andika E, tena kubwa."

Filimbi akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akafunga droo.

"Aliyeandika barua ya kuomba ni baba," akasema. "Baba ndiye aje kuifuta. Kwa mkono wake."

*

Fundi aliandika barua ile kwenye gamba la boksi la viatu kwanza, akafuta, akaandika tena, mkewe amesimama nyuma yake. Ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: *Mimi mzazi naomba mwanangu asisamehewe.* Akaipeleka mwenyewe. Karani wa ofisi akaisoma mara mbili, akamuuliza, "Mzee, mmegombana na mtoto?"

Kazi ya kweli ikaanzia hapo. Nyuma ya gereji kulikuwa na kiwanja cha magari mabovu, na fundi alikipima kwa hatua mpaka akapata mzunguko unaolingana na wa shule. Alfajiri, kabla mafundi magari hawajafungua, Bosi akasimama mstarini. Mama akashika simu, saa inahesabu. Mizunguko minne: dakika nane na ushee. Bosi akaanguka chini kama gunia, ulimi nje.

"Mguu?" mama akauliza.

"Si mguu. Ni kiatu. Kizito."

Fundi akakishika kile kiatu cha kushoto. Ni yeye aliyekitengeneza, kama alivyotengeneza vyote tangu mtoto alipoanza kutembea. Ngozi ya kweli, soli nene ya vidole vinne, mshono mara mbili, rangi inang'aa. Watu walikuwa wanakuja kibandani kukitazama tu. Ukikivaa huoni kabisa kwamba mguu mmoja ni mfupi.

"Hiki ni cha kupigia picha," Bosi akasema, bado amelala chini. "Nisimame tu nionekane sawa. Sasa mimi sitaki kusimama."

Fundi akaketi kwenye tairi bovu. Akakipima kile kiatu mkononi, juu, chini, kama mtu anayenunua nyama. Miaka yote hiyo! Fundi mzima, watu wanamletea viatu kutoka mitaa mitano, na kwa mwanawe mwenyewe alikuwa anashona pazia.

Siku hiyo hakufungua kibanda kwa mteja yeyote. Alichukua raba kuukuu, akang'oa soli. Akakata ndala nne za sponji, akazibandika moja juu ya nyingine, akazichonga kwa kisu, nyembamba mbele, nene nyuma. Kiatu kikawa kibaya kupita maelezo. Rangi nne, bluu, nyekundu, njano, kijani, kama keki ya watoto. Bosi akakivaa, akaruka mara moja, akaruka mara ya pili, macho yakamtoka.

"Baba! Hakipo!"

"Hakipo nini?"

"Kiatu! Sikisikii!"

Akaondoka mbio. Kwenye kona ya pili soli ikabanduka, ikabaki nyuma katikati ya kiwanja kama sandwichi iliyodondoka, na yeye akaendelea mbele mguu peku, anacheka. Baba akaokota, akaongeza gundi, akashona pembeni kwa uzi wa nailoni. Kesho yake dakika saba. Keshokutwa sita na sekunde hamsini. Mama akagundua mtoto anakimbia vizuri zaidi akiacha kujilazimisha kukimbia kama watu: mguu mrefu unapiga hatua, mfupi unadunda, hatua, dundo, hatua, dundo. Akaanza kumpigia makofi ya mwendo ule, ta-pa, ta-pa, mpaka mafundi magari wanaofungua mapema nao wakaanza kugonga spana kwenye mabodi ya magari. Ta-pa, ta-pa. Sita na arobaini. Sita na ishirini na tano.

Alhamisi: sita na sekunde kumi na mbili.

"Kumi na mbili tu," fundi akasema.

"Kumi na mbili ni nyingi, baba," Bosi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

*

Ijumaa uwanja ulikuwa mkavu. Mistari ya njia imechorwa kwa majivu, kwenye kona zimewekwa chupa za maji zilizojazwa mchanga. Msusi na fundi viatu walisimama nje ya ua wa waya, na hatua tatu kutoka kwao, kikapu kichwani, muuza mayai. Hawakusalimiana. Kichwa chake kilishasukwa kwingine, na vibaya.

Wenzake arobaini na saba wakatoka darasani wakivua masweta. Kama kawaida, bila hata kuangalia, wakayanyoosha upande mmoja, kwa Bosi. Bosi akasimama mbele ya ile milima ya sufi. Akavua lake. Akaliweka chini kwenye nyasi.

"Leo stoo imefungwa," akasema.

Darasa zima likapasuka kwa kicheko, na safari hii walikuwa wanacheka alichosema yeye. Masweta yakatupwa chini juu ya lake.

"Hicho kiatu umeokota wapi?" kijana wa muuza mayai akauliza.

"Kaulize baba yangu, utaambiwa foleni ni ndefu."

Walikimbia kwa makundi ya wanane. Kundi la Bosi likaitwa la mwisho. Filimbi akasogea karibu naye. "Ukichoka, inua mkono tu," akasema polepole. "Hakuna atakayekulaumu."

"Mwalimu, wewe piga filimbi."

Akapiga.

Wenzake saba wakaondoka kama kuku waliotupiwa jiwe. Bosi akabaki nyuma. Hatua, dundo. Hatua, dundo. Mzunguko wa kwanza waliokaa wakaanza kumwigiza, kama zamani, vichwa vinakwenda huku na huku. Mzunguko wa pili baadhi yao wakachoka, kwa kuwa yeye hakuchoka. Mama nje ya ua hakuweza kujizuia, mikono ikaanza yenyewe: ta-pa, ta-pa.

Mzunguko wa tatu, kwenye kona yenye changarawe, kiatu cha kulia, kile kizima, cha dukani, kikateleza. Bosi akaanguka kifudifudi. Vumbi likapanda.

Filimbi akaanza kukimbia kumwendea, mikono mbele.

"Usimguse!" Ilikuwa sauti ya fundi viatu. Mtu ambaye hapazi sauti hata mteja akikataa kuchukua kiatu chake, kashika waya kwa mikono miwili na anapiga kelele shule nzima imsikie. "Mwalimu, usimguse! Ukimgusa umemsamehe!"

Filimbi akasimama palepale, mguu mmoja hewani.

Bosi akainuka. Goti linatoka damu, mdomo umejaa mchanga. Akatema. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeamshwa asiyejua ni asubuhi au jioni. Kisha akasikia ta-pa, ta-pa, akaudaka ule mwendo, akaondoka.

Wenzake saba walishamaliza. Uwanja mzima ulibaki wake. Hapo ndipo mtu mmoja, aliyekaa kwenye masweta, akaanza kwa utani: "Stoo!" Na mwingine akamjibu, "Imefungwa!" "Stoo!" "Imefungwa!" Utani ule ukashika moto, arobaini na saba wakasimama, wakapiga makofi kwa mwendo wa hatua na dundo, na sasa hakuna aliyekuwa anaigiza chochote, walikuwa wanamsukuma kwa sauti zao.

"Dakika tano na nusu!" kijana wa muuza mayai akapiga kelele, katupia jicho simu ya mwalimu. "Bosi, kata kona! Kata ndani!"

Jina la nyumbani hilo! Shuleni hakuna aliyewahi kulitumia. Bosi akakata ndani, akaparuza chupa ya mchanga, ikayumba, haikuanguka. Muuza mayai alishashusha kikapu chini. "Kimbia mwanangu!" anapiga kelele. "Kimbia wewe! Msimwangalie tu, pigeni makofi!" Msusi akageuka kumtazama, akamshika mkono, wakaruka wote wawili pale nje ya ua kama watoto, mayai yanagongana kikapuni miguuni pao.

Hatua, dundo. Hatua, dundo. Mstari wa majivu.

Filimbi akabonyeza simu. Akaiangalia. Akaipangusa kwa shati, akaiangalia tena.

"Dakika tano, sekunde hamsini na sita."

Weee! Kelele iliyotoka pale, walimu wakatoka madarasani wakidhani kumetokea ajali. Fundi viatu hakupiga kelele. Alichutama, akafunika uso kwa ile mikono ya gundi, na mkewe akamwekea kiganja mgongoni, akakiacha pale.

Kwenye kuruka Bosi alipata kidogo. Kwenye kurusha mpira alipata zaidi, ana mkono huyo! Filimbi akafungua daftari la alama. Jina lake halikuwemo kwenye orodha, halijawahi kuwemo. Mwalimu akachukua rula, akachora mstari mpya chini ya wote, akaandika jina, akajumlisha kwa vidole, akajumlisha tena asije akakosea hata nusu alama.

"D," akasema.

Bosi alikuwa bado anahema, mikono magotini, damu imeshuka mpaka kwenye soksi.

"D?" Akakunja uso. "Mwalimu, nilianza vibaya. Halafu nikaanguka. Hairuhusiwi kurudia?"

Filimbi akamtazama. Alitaka kutabasamu akajizuia, akaiweka filimbi mdomoni, akaitoa.

"Wanaorudia ni waliofeli," akasema. "Wewe umefaulu. Toka uwanjani, tunataka kufunga."

Bosi akatoka. Lakini taratibu, kwa raha zake, akipita katikati kabisa ya uwanja, na wote wakamsubiri.